Kufunzwa na Ulimwengu

Wahenga waliacha nyuma yao methali isemayo kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa vizazi vingi methali hii imetamkwa kwa sauti ya kuonya. Mama hufunza kwa mkono mmoja na hubembeleza kwa mkono wa pili. Ulimwengu hushika fimbo kwa mikono yote miwili. Aliyekataa adabu nyumbani ataipata njiani, na bei yake itakuwa kubwa zaidi. Hivyo ndivyo methali ilivyofahamika. Hapana aliyedhani kuwa siku moja ulimwengu utakaa kitako kama mama, ushike uzi na sindano, na umwonyeshe mtoto usiyemjua namna ya kupitisha kitanzi ndani ya kitanzi, pole pole, mara moja na mara mia, bila ya kumwuliza jina lake.

Siku hiyo imefika. Leo mtu huketi peke yake chumbani, simu yake imeegemezwa juu ya kikombe, donge la uzi liko mapajani, na mbele yake katika kioo kidogo mikono ya mtu wa nchi ya mbali inafuma. Hutazama, huiga, hukosea, hurudisha picha nyuma, hutazama tena. Baada ya majuma machache ana kofia ya mtoto au kitambaa cha meza, naye hajapata kuketi mbele ya mwalimu hata kwa saa moja. Hapo huzuka swali ambalo fikira haiwezi kulipita kando. Je, mtu huyu amefunzwa na nani? Ikiwa amefunzwa, ana deni? Na ikiwa ana deni, atalilipa wapi, hali mdai wake hamjui wala hajui kuwa anadai?

Yamkini baadhi ya watu wataona kuwa swali hili ni dogo, kwa sababu kazi yenyewe ni ya uzi na sindano. Lakini hekima haikuapa kukaa katika mambo makubwa tu. Elimu nyingi za zama hizi hupatikana kwa njia iyo hiyo, lugha, hesabu, useremala na hata dini. Na ni vyepesi kulipima jambo kubwa katika kazi ndogo ambayo kosa lake huonekana kwa macho.

Kufuma kwa sindano ni sanaa ya kitanzi. Mfumaji wa nguo katika kitanda cha mfumi huhitaji nyuzi za mtande na nyuzi za mshindio zipishane. Mfumaji wa sindano huhitaji uzi mmoja tu, ambao huukunja na kuuvuta ndani ya kitanzi kilichotangulia, na kitanzi kilichozaliwa huwa mlango wa kile kijacho. Kwa sindano mbili, vitanzi vyote vya safu hukaa wazi juu ya sindano, na kimoja kikiponyoka huteremka na kuacha ufa kama ngazi mpaka chini. Kwa kroshia, ambayo sindano yake ni moja na ncha yake ni ndoano, kitanzi kilicho wazi aghalabu ni kimoja tu kwa wakati. Vyote vingine vimekwisha fungwa. Sanaa ya sindano mbili ni ya kale. Katika nchi ya Misri vimeonekana vipande vya soksi za pamba vilivyofumwa kati ya karne ya 11 na ya 14. Mwaka 1589 Mwingereza William Lee alitengeneza mtambo wa kufuma soksi, na tangu hapo mashine zimefanya kazi ya sindano mbili kwa wingi. Kroshia, kwa upande wake, imeendelea kuwa kazi ya mkono wa mwanadamu mpaka leo, kwa maana mwendo wa ndoano yake umekuwa mgumu kuigwa na mashine.

Lugha ya Kiswahili imeweka mafunzo mawili katika maneno ya kazi hii. La kwanza ni kuwa kinyume cha kufuma ni kufumua. Kwa kuongezwa sauti moja tu, kazi ya mwezi mzima hurudi kuwa uzi. Hapana sanaa nyingi ambazo kosa lake huweza kufutwa bila ya kupoteza mali: seremala aliyekata ubao mfupi amekwisha ukata, na mpishi aliyezidisha chumvi hawezi kuirudisha koponi. Mfumaji hupoteza wakati wake tu, na uzi humrudia karibu kama ulivyokuwa. La pili limo katika neno lenyewe la kutafuta elimu. Mswahili hasemi tu kuwa mtu hupokea elimu. Husema kuwa mtu hujifunza, yaani hujifanya yeye mwenyewe kuwa mwalimu wa nafsi yake. Kwa hiyo lugha ilikwisha kiri zamani kuwa hata mtoto aliyeketi mbele ya mwalimu bora ana mwalimu wa pili ndani yake, na kuwa yule wa ndani akilala, yule wa nje hutwanga maji kinuni.

Yafaa kuitazama njia ya zamani kabla ya kuihukumu mpya. Katika Pwani ya Afrika Mashariki msichana aliyejifunza kusuka ukili wa miyaa hakupangiwa vipindi. Aliketi karibu ya mama au bibi, akaokota miyaa iliyobaki, akaiga, akachekwa kidogo, akaonyeshwa tena. Mshona kofia za vito alijifunza hivyo hivyo, na vitambaa vya kroshia ambavyo hutandikwa juu ya makochi na meza katika nyumba nyingi za Tanzania na Kenya vilipita kutoka mkono hadi mkono, vingine kutoka madarasa ya maarifa ya nyumbani, vingine kutoka baraza moja hadi nyingine. Mwalimu wa namna hii alitoa zawadi tatu. Alionyesha, maana kazi ilitendeka mbele ya macho ya mwanafunzi. Alisahihisha, maana mkono wake uliweza kuushika mkono wa mwanafunzi na kuulegeza ulipokaza uzi. Kisha alishuhudia: alikuwapo siku kazi ya kwanza ilipokamilika, na sifa yake ilikuwa na uzito kwa sababu aliijua safari yote.

Hapana mtu mwenye insafu atakayezidharau zawadi hizo. Walakini insafu hiyo hiyo hudai lisemwe na jingine. Mlango wa zamani haukuwa wazi kwa kila mtu. Yatima hakuwa na mama wa kuketi karibu naye. Mwanamume aliyetamani kushika sindano alichekwa mpaka akaiweka chini. Katika Ulaya hali ilikuwa kinyume, lakini dhuluma ilikuwa moja: katika karne ya 17 na ya 18 miji kama Strasbourg ilikuwa na vyama vya mafundi wafumaji, na kijana alitumikia miaka, akasafiri, kisha akatoa kazi kubwa ya kuthibitisha ufundi wake, zulia la kufumwa likiwa mojawapo. Vyama hivyo vilikuwa mikononi mwa wanaume. Mwanamke aliyefuma vizuri kuliko wao alifuma kwa jina la mtu mwingine au bila ya jina. Basi anayeililia njia ya zamani hana budi kukumbuka kuwa wengi waliokuwa nje ya mlango hawana kitu cha kuililia.

Aidha, mwalimu na mwanafunzi walikwisha tenganishwa kabla ya intaneti. Katika miaka ya 1840 vitabu vya mifano ya kroshia vilianza kupigwa chapa Uingereza, na mmoja wa watungaji wake mashuhuri alikuwa Éléonore Riego de la Branchardière. Mwanamke aliyenunua kitabu chake alifunzwa na mtu ambaye hakupata kumwona. Katika miaka iyo hiyo Ireland ilipatwa na njaa kuu. Mwaka 1845 ugonjwa uliharibu viazi, na katika miaka iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa, na idadi kama hiyo walihama nchi. Watawa wa kike na wake wa makasisi waliwafunza maskini kroshia ili wapate cha kuuza. Katika mji wa Clones, mwaka 1847, Cassandra Hand, mke wa kasisi, alianzisha mafunzo hayo, na kazi za mji ule zikapata sifa mbali. Kwa jamaa nyingi tofauti baina ya chakula na njaa ilikuwa ndoano ndogo ya chuma. Hapo hapakuwa na nafasi ya kuuliza kama elimu iliyotoka kwa mgeni ni elimu halali. Aliyekuwa na njaa alijifunza kwa yeyote aliyejua, na aliyejua alitenda wema kwa kutoficha.

Elimu ya intaneti ni mtoto wa mama huyo. Mtandao wa video wa YouTube ulianza mwaka 2005. Ravelry, mahali ambapo wafumaji hukusanya mifano na habari za kazi zao, palianzishwa mwaka 2007. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowafungia watu majumbani, wengi ambao hawakupata kushika sindano waliishika. Na zawadi ya kwanza katika zile tatu, yaani kuonyesha, mwalimu huyu mpya huitoa kwa ukarimu kuliko wa zamani. Mwanafunzi aliyeketi mbele ya mwalimu huiona mikono yake kwa kinyume, kulia kukiwa kushoto, na kazi ya kwanza ya akili ni kuigeuza. Kamera iliyowekwa juu ya bega la mfumaji huonyesha mikono kana kwamba ni ya mtazamaji mwenyewe. Atumiaye mkono wa kushoto, ambaye zamani alilazimishwa kufuata wengi, humpata mwalimu wa mkono wa kushoto. Mwendo huweza kupunguzwa mpaka uzi utambae. Na somo huweza kurudiwa mara arobaini, bila ya mwalimu kupumua kwa kuchoka. Mtu mzima hupenda kujifunza lakini huchelea aibu ya kutojua mbele ya watu. Mbele ya kioo cha simu aibu hiyo haipo. Wengi waliobaki wajinga kwa ajili ya haya wameponywa hivyo.

Lakini zawadi ya pili ni haba. Mikono ile ya mbali huonyesha, wala haioni. Twaa mfano wa mwanafunzi wa kroshia ambaye kila mwisho wa safu hukisahau kitanzi cha mwisho. Safu ya kwanza ilikuwa na vitanzi 40, ya pili 39, ya tatu 38. Kitambaa chake, kilichotakiwa kuwa cha pembe nne, huchongoka kidogo kidogo mpaka kuwa pembe tatu. Jirani mjuzi angaliona jambo hilo katika safu ya nne. Video haitaliona kamwe. Au twaa mwanafunzi wa sindano mbili ambaye kila mara huuzungusha uzi kwa upande usio wake. Vitanzi vyake vyote hukaa vimejipinda, nguo huwa nzito na ngumu, naye huendelea kwa miezi akidhani kuwa sufu ndiyo yenye ila. Kosa lisilo na shahidi hugeuka desturi, na desturi hujiita njia.

Hata maneno huweza kupoteza. Waingereza na Wamarekani hutumia lugha moja, lakini katika kroshia jina moja lina maana mbili: kile ambacho Mmarekani hukiita kitanzi kimoja, Mwingereza hukiita maradufu. Mtu wa Mombasa au Mwanza afuataye maelezo bila ya kujua yametoka upande gani hupata kazi ambayo si aliyoionyeshwa, na hukilaumu kidole chake. Maelezo yaliyokatwa kutoka kwa mwenyewe hubeba kosa lake bila ya kubeba sauti ya kuuliza. Mtu huulizwa, karatasi haiulizwi.

Hata hivyo kazi ya mkono ina rehema ambayo kazi nyingi za fikira hazina. Kitambaa chenyewe ni shahidi. Hakisifu kwa upendeleo wala hakilaumu kwa husuda. Mwenye kuhesabu vitanzi vyake ataijua hali yake kabla ya kuambiwa na mtu. Hapo ndipo mwalimu wa ndani, yule wa neno jifunza, huamshwa. Anayefundishwa uso kwa uso huweza kumwachia mwalimu kazi ya kuona kosa. Anayejifunza peke yake hana wa kumwachia. Sharti apate tabia ambayo ni ngumu kuliko kufuma: kulitazama jambo alilolitenda mwenyewe kwa jicho la mgeni. Akiona kosa katika safu ya 5 naye amekwisha fika safu ya 30, mambo mawili husimama mbele yake. Laweza kufichwa, kwani huenda hapana atakayeliona; au afumue safu 25 alizozipenda. Hapana mwalimu wa kumlazimisha. Uamuzi anaoufanya pale, peke yake usiku, ni wa adili kabla ya kuwa wa ufundi. Aliyefumua kwa hiari yake amejifunza jambo ambalo mwanafunzi aliyeamrishwa kufumua huenda asilijue kamwe.

Hatari iliyo mbaya zaidi iko mahali pengine. Wingi wa masomo huweza kuwa kizuizi cha kujifunza. Yupo mtu ambaye ametazama video mia za kufuma, ajua majina ya nyuzi na tofauti za sindano, lakini donge lake la uzi bado lina karatasi yake ya dukani. Macho hushiba haraka na huiambia nafsi kuwa mikono nayo imeshiba. Huu ni udanganyifu mpole, na kwa upole wake huiba miaka. Tena katika miaka hii ya karibuni wametokea walimu wasio watu. Mitambo hutunga picha za kazi za kroshia nzuri ajabu, pamoja na maelezo, na hizo huuzwa kwa wasiojua. Lakini vitanzi vilivyomo katika picha havikupita katika ndoano yoyote, na maelezo yake hayafiki popote. Mjuzi hutazama njia ya uzi na hutambua kuwa haiwezekani. Mwanafunzi mpya hana jicho hilo, hununua, hujaribu, hushindwa, na huamini kuwa ameshindwa yeye. Uovu wa jambo hili hauishi katika fedha iliyopotea. Umo katika kumfanya mtu mnyofu ajidharau kwa kosa lisilo lake. Fundi wa uwongo wa zamani alikuwa na duka, na watu waliweza kulikwepa. Wa sasa hana mlango wala uso. Kwa hiyo mwanafunzi wa leo hulazimika kuwa na ujuzi wa kuchagua mwalimu kabla ya kuwa na ujuzi wenyewe, na hilo ni neno gumu. Dawa yake moja iliyo karibu ni kutafuta mwenye kujua, aliye hai, na kumwuliza.

Na mara nyingi mwenye kujua hayuko mbali. Waza msichana katika nyumba moja ya Dar es Salaam, ambaye kwa miezi miwili amejifunza kroshia katika simu. Chumba cha pili hukaa bibi yake, ambaye vitambaa vya makochi yote ya nyumba ile ni kazi ya mikono yake. Msichana hakumwuliza, kwa sababu vitambaa vile vilikuwapo tangu azaliwe, na kitu kilichokuwapo siku zote hakionekani. Siku moja kazi yake hujikunja pembeni kama jani kavu, na simu haina jibu. Huenda kwa bibi yake na kuiweka mapajani mwake.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mke mwenzangu. Nani amekufunza haya?”

“Nimejifunza katika simu, bibi.”

Bibi hukigeuza kitambaa, hukivuta kwa vidole viwili, hucheka. “Simu yako fundi, lakini haikukwambia kuwa umeukamata uzi kama mtu anayeogopa kuibiwa. Lete mkono.”

Katika mkono ule juu ya mkono, somo la miezi miwili hutimia kwa dakika mbili. Kisha bibi huuliza juu ya ua moja ambalo mjukuu wake amelifuma katikati, ambalo hajapata kuliona katika umri wake wote, na sasa ni zamu yake ya kuonyeshwa. Mtu anaweza kusema kuwa msichana alikosea kujifunza kwa mgeni. Hukumu ya haki ni kuwa hakukosea kwa kumsikiliza mgeni aliye mbali. Alikosea kwa kumpita aliye karibu. Ulimwengu haukuja kumnyang'anya mama nafasi yake. Aliyemnyang'anya ni mtoto asiyegonga mlango wa chumba cha pili. Na bibi naye, kama angalikataa kulitazama lile ua kwa kuwa halikutoka kwake, angalikuwa mfano wa vile vyama vya Strasbourg, vilivyopenda ufundi lakini vikapenda zaidi ufunguo wake.

Sasa swali la deni. Mwanafunzi wa zamani alimjua mdai wake. Alimchotea maji, alimbebea mzigo, alimheshimu mbele ya watu, na mwalimu alipozeeka alimtunza. Mwanafunzi wa intaneti hana wa kumchotea maji. Kwa sababu hii baadhi ya watu husema kuwa deni halipo: kilichotolewa kwa wote hakikutolewa kwa mtu, na asiyejua kuwa amempa mtu kitu hawezi kumdai. Hoja hii ina sura ya ukweli lakini haisimami. Aliyepanda mwembe njiani hakumjua mpita njia atakayekula embe lake. Hata hivyo mpita njia anayekula na kukata tawi ametenda ubaya, na anayekula na kuipanda kokwa ametenda wema. Kutojulikana kwa mwenye kutoa hakuliui deni. Hulibadili njia yake ya kulipwa.

Sehemu ya kwanza ya deni ni ukweli. Kitanzi si mali ya mtu. Elizabeth Zimmermann, mfumaji aliyezaliwa Uingereza mwaka 1910 na kuishi Marekani mpaka kufa kwake mwaka 1999, alikuwa mmoja wa walimu wakubwa wa sindano kwa vitabu na kwa televisheni. Naye kwa unyenyekevu alikataa kusema kuwa alivumbua kitu, akatunga neno lake mwenyewe la mzaha kuonyesha kuwa alichokipata yeye yamkini kilikwisha patwa na mikono mingine kabla yake. Lakini mfano ulio kamili, uliopimwa, ukajaribiwa na kuandikwa, ni jasho la mtu fulani, na kwa wengine ndiyo riziki. Aununuaye mfano na kuugawa kwa watu mia bila idhini hawezi kujitetea kuwa kitanzi ni cha wote. Chumvi ni ya bahari, lakini mfuko wa chumvi ni wa aliyeichemsha. Na auzaye kazi aliyoiiga kwa kusema kuwa ni wazo lake amelipa wema kwa wizi, hata kama hapana korti itakayomwita.

Sehemu ya pili ni kuendeleza. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahesabu aliyezaliwa Latvia na kufundisha katika chuo kikuu cha Cornell, alitaka kuwaonyesha wanafunzi umbo ambalo wanahesabu walikuwa wakilifikiri tangu karne ya 19, uso ambao hupinda kinyume na tufe mahali pake pote. Vielelezo vya karatasi vilichanika upesi. Yeye alichukua ndoano ya kroshia, akaongeza vitanzi kwa kiasi kile kile katika kila safu, na umbo likazaliwa mkononi, likijikunja kama ukingo wa jani la mboga. Elimu ambayo mwanamke yeyote afumaye vitambaa angaliweza kuitenda bila ya kuitambua iliingia darasani mwa hesabu. Halafu mwaka 2005 ndugu wawili wa kike, Margaret na Christine Wertheim, waliozaliwa Australia na kukaa Los Angeles, walianza kufuma kwa njia hiyo miamba ya matumbawe, ili kukumbusha hatari iliyoipata bahari. Maelfu ya watu katika nchi mbali mbali waliongeza mikono yao, na kila mmoja aligeuza kidogo alichokipokea, akakosea hapa, akaongeza pale, mpaka maumbo yakawa mengi kama viumbe wa majini. Taimina hakulipwa na kila mmoja wao. Deni lake lililipwa mbele, kwa kila aliyepokea kumwonyesha mwingine.

Sehemu ya tatu ni ile zawadi ambayo intaneti haina, nayo ni kushuhudia. Aliyejifunza peke yake ajua vizuri kuliko wote ukiwa wa kumaliza kazi ya kwanza bila ya mtu wa kumwonyesha. Kwa hiyo ana wajibu ambao mwanafunzi wa baraza hakuwa nao. Akimwona jirani anahangaika na kitambaa kinachochongoka, na akaijua sababu, haimjuzu kunyamaza. Mikono ya mbali ilimpa bila ya kumwona. Yeye anaweza kutoa na kuona. Asipofanya hivyo, elimu aliyoipata kwa wingi itafia kwake, na ule upungufu wa mwalimu asiye na macho utakuwa wake mwenyewe, hali macho anayo.

Anayefuma hujua kuwa kazi yote hushikwa na kitanzi cha mwisho. Vitanzi elfu vilivyotangulia vimekaa sawa, kila kimoja kimeshikwa na kilichokifuata. Lakini kile cha mwisho kikiachwa wazi, mtoto akavuta uzi akicheza, safu hufuata safu mpaka sakafu imejaa uzi uliojikunja. Ndiyo maana fundi haondoki kabla ya kuufunga. Mtu aliyejifunza kwa mikono asiyoijua amesimama mahali pa kitanzi hicho. Nyuma yake wako watu wa Clones na wa Misri, wake wa makasisi na bibi wa barazani, na wageni waliowasha kamera usiku watoto wao walipokwisha lala. Methali haikukosea: ulimwengu humfunza asiyefunzwa na mamaye. Ilibaki kusemwa tu kuwa naye, akisha funzwa, huwa ni sehemu ya ulimwengu unaofunza, na kuwa yupo mtoto mahali fulani, labda katika chumba cha pili, ambaye bado hajashika uzi.